Karanga za Sukari na Viungo kwa Sikukuu: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Kila Desemba simu zangu ni zilezile. "Sukari imegoma kushika." "Zimeungua nje, ndani mbichi." "Jana zilikuwa kavu, leo zimelowa." Juzi mtoto wa dada yangu kanipigia kutoka Buhongwa, hapa Mwanza, sufuria ikiwa bado jikoni:

"Mama mdogo, shikamoo. Mbona sukari yote imegeuka mchanga? Niongeze maji?"

"Marahaba. Usiongeze hata tone, mwanangu. Punguza moto, endelea kukoroga."

Wengi huharibu karanga zao hapohapo. Sukari ikigeuka mchanga wanadhani wamekosea. Mmoja anaongeza maji, mwingine anaipua, mwingine anachochea moto kwa hasira. Mchanga ule ni hatua ya lazima, na karanga nzuri haziji bila kuupitia. Nimeandika kila hatua hapa chini, pamoja na sababu yake na dalili za kukuonyesha kwamba umefika.

## Mahitaji

Vipimo hivi ni vya mpiko mmoja wa nusu kilo. Kikombe ninachotaja ni cha mililita 250.

- Karanga mbichi zilizomenywa ganda la nje, zenye ngozi yake nyekundu: nusu kilo (vikombe vitatu na kidogo)
- Sukari: kikombe kimoja
- Maji: nusu kikombe
- Mdalasini wa unga: kijiko cha chai kimoja na nusu
- Tangawizi ya unga: kijiko cha chai kimoja
- Iliki iliyotwangwa: nusu kijiko cha chai
- Karafuu ya unga: ncha ya kijiko tu
- Pilipili kali ya unga: robo kijiko cha chai, au uiache
- Chumvi: robo kijiko cha chai
- Chumvi ya kukaangia: vikombe viwili (hii hailiwi, utaitumia tena na tena)

Vyombo: sufuria nzito au karai la chuma, mwiko wa mbao wenye mpini mrefu, chekeche, ungo, sinia mbili pana, vijiko viwili, na kopo au chupa ya kioo yenye mfuniko unaobana.

Maneno machache kuhusu baadhi ya vitu hivi.

Ngozi nyekundu ya karanga usiibandue. Inakwaruza kidogo, na sukari hupata pa kushika. Karanga iliyobanduliwa ni laini na ina mafuta juu, sukari huiteleza na kubaki chini ya sufuria.

Sukari iwe ya kawaida ya dukani. Usiweke asali, na usikamulie ndimu. Najua wengi tumefundishwa kutia ndimu kwenye shira ya kaimati, na kule inafaa kwa sababu tunataka shira ibaki laini isigande. Hapa tunataka kinyume chake, yaani sukari igande. Ndimu na asali zote huizuia isirudi kuwa chembe, na zaidi ya hapo asali huvuta unyevu wa hewani, kwa hiyo karanga zitanata vidole hata ukizikausha vipi.

Sufuria nyepesi ya alumini huunguza sehemu moja huku nyingine ikiwa bado baridi. Kama huna nzito, pandanisha mbili, moja ndani ya nyingine. Na usizidishe vipimo. Ukitaka kilo mbili, pika mara nne. Karanga zikijaa sufuria mwiko haufiki chini, na sukari huungulia huko chini.

## Hatua ya 1: Chagua na chambua

Karanga nyingi zinazouzwa kwetu Kirumba, Igoma au Mabatini huletwa kutoka mashamba ya Geita, Shinyanga na Tabora. Kwa kuwa huko msimu wake wa kuvuna ni kati ya Aprili na Juni, karanga unayonunua Desemba imekaa ghalani miezi sita au zaidi. Kama ilihifadhiwa ikiwa na unyevu, imeota ukungu.

Chukua moja mbele ya muuzaji, ivunje. Iwe ngumu, ivunjike kwa mlio, na ndani iwe nyeupe. Inukie. Ikiwa na harufu ya gunia lililonyeshewa au ya mafuta yaliyochacha, shukuru na usogee meza ya pili.

Nyumbani, zimwage kwenye ungo uzipepete, kisha uketi mahali penye mwanga uzichambue kwa mkono. Toa kila iliyosinyaa, yenye doa jeusi au la kijani, iliyotoboka na iliyobadilika rangi. Tafadhali usiifanye hatua hii kwa haraka. Ukungu wa karanga na mahindi huzaa sumukuvu, sumu inayodhuru ini, na kukaanga hakuiondoi. Mwaka 2016 watu waliugua, wengine wakafa, Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Zile ulizozitoa usimwagie kuku, nao huwadhuru. Zitupe.

Umefanikiwa ukiona zilizobaki zinalingana kwa ukubwa. Punje ndogo na kubwa haziivi pamoja.

## Hatua ya 2: Kaanga nusu, kwa chumvi

Hapa tunatumia njia ya wauza karanga wa mitaani. Injika sufuria, mimina vile vikombe viwili vya chumvi, iache ipate moto kama dakika tano huku ukigeuza. Tia karanga, koroga bila kusimama kwa moto wa wastani, dakika sita hadi nane. Chumvi ya moto huizunguka kila punje pande zote, kwa hiyo zinaiva sawasawa, tofauti na kuziacha zilale juu ya chuma kitupu.

Ipua zikiwa hazijaiva kabisa. Vunja moja: weupe wa ndani uwe umeanza kugeuka rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, na ukiitafuna usikie ubichi kwa mbali. Zitamalizia kuiva ndani ya sukari. Ukiziivisha kabisa sasa hivi, zitakapomaliza kuvikwa sukari zitakuwa chungu.

Zichekeche mara moja ili chumvi itoke, kisha zisugue polepole kwa kitambaa kikavu. Onja moja. Kama chumvi imebaki nyingi juu yake, ile robo kijiko iliyoko kwenye mahitaji usiitie.

## Hatua ya 3: Panga kila kitu kabla ya moto

Changanya viungo vyote vya unga kwenye kibakuli kimoja. Weka sinia mbili kavu mezani, vijiko viwili pembeni, na beseni la maji baridi karibu na jiko.

Beseni ni la usalama. Shira ya sukari ina moto kuliko maji yanayochemka, na ikidondokea ngozi hunata, haichuruziki kama maji. Ikikurukia, ingiza mkono kwenye maji baridi papo hapo na uuache humo kwa muda mrefu. Usipake mafuta wala dawa ya meno. Watoto watoke jikoni, hata wale wanaopenda kusaidia. Kazi yao itafika kwenye kuonja.

## Hatua ya 4: Pika shira

Sufuria ikiwa safi, tia sukari, maji na ile chumvi kidogo. Koroga mpaka sukari iyeyuke, iache ichemke, kisha mimina karanga zote. Moto uwe wa wastani. Kwa jiko la mkaa, makaa yawe yameshika vizuri na yametandazwa, yasirundikane katikati.

Koroga taratibu. Mwanzoni utaona povu jepesi lenye mapovu makubwa, na maji yakiruka. Hiyo ni sawa.

Nikumbushe jambo moja kwa mwenye kipimajoto cha jikoni: Mwanza tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu huchemka kwenye nyuzi kama 96 badala ya 100. Nambari za shira zilizoandikwa na mpishi wa Dar es Salaam au Tanga zitakupotosha kidogo. Tumia macho na masikio.

## Hatua ya 5: Mchanga

Soma sehemu hii mara mbili kabla hujawasha jiko.

Baada ya dakika tano hadi nane za kuchemka, mapovu yatakuwa madogo na mazito, yanapasuka kwa uvivu. Ukiburuta mwiko chini ya sufuria utaacha njia, na shira itarudi kuifunika polepole. Koroga kwa nguvu zaidi kuanzia hapo.

Kisha shira itapauka. Utaona ukungu mweupe ukianza pembeni mwa sufuria na kwenye mwiko. Dakika moja baadaye, wakati mwingine chini ya hapo, kila kitu kitakauka kwa ghafla. Karanga zitakuwa zimefifia kama zimepakwa majivu, kila moja peke yake, na chini kutakuwa na sukari ya chembechembe. Hata mlio unabadilika: ule wa kitu kizito kinachochemka unaisha, unaanza kusikia chaka, chaka, kama changarawe kwenye kopo.

Maji yameisha, na kwa kukoroga umeilazimisha sukari irudi kuwa chembe. Chembe hizo zimeikamata ngozi ya karanga, na juu ya chembe hizo ndipo sukari itakayoyeyuka tena itashika. Ukiongeza maji sasa, unaiosha kazi yote na kurudi hatua ya nne, huku karanga zikiendelea kunyonya maji na kulainika ndani. Hizo ni vigumu kuwa kavu tena.

Umefanikiwa kama hakuna kinachonata kwenye mwiko na hakuna kilichobadilika rangi kuwa kahawia. Kama shira imegeuka kahawia kabla ya kuwa mchanga, moto ulikuwa mkali mno au hukukoroga vya kutosha. Bado zitalika, lakini zitashikana kama kashata.

## Hatua ya 6: Ng'arisha

Sasa punguza moto. Kwa mkaa, toa makaa kadhaa na uyafunike yaliyobaki kwa majivu. Kwa gesi, shusha moto hadi chini kabisa.

Endelea kukoroga, lakini badilisha mkono: pitisha mwiko chini kabisa, zoa, inua, geuza juu. Mchanga ulioko chini ndio unaogusa chuma, kwa hiyo ndio unaoyeyuka kwanza. Unakuwa majimaji ya kahawia, na kazi yako ni kuuzoa ukiwa hivyo na kuzivika karanga za juu kabla haujaungua. Hatua hii huchukua dakika tano hadi kumi. Usisimame kujibu simu.

Ukiona moshi, inua sufuria, endelea kukoroga ikiwa hewani, hesabu hadi kumi na tano, rudisha. Mimi huinua mara tatu au nne kwa kila mpiko na sioni shida. Sukari ya kahawia huwa nyeusi ndani ya muda mfupi sana, na uchungu wake haufichiki kwa kiungo chochote.

Karanga zitaanza kung'aa, hapa moja, pale tatu, kisha nyingi. Rangi iwe ya chai ya rangi iliyokolea. Usingoje mchanga wote uyeyuke. Ipua ukiona kama robo ya sukari bado ina vichembe vilivyofifia juu ya karanga. Vichembe hivyo ndivyo vinavyokwaruza ulimi kwa utamu, na ndivyo vinavyozuia karanga zisigandamane.

Kabla ya kuipua, toa punje moja kwa kijiko, iache ipoe kwenye sinia, ivunje. Ndani iwe ya dhahabu hafifu. Ikiwa bado nyeupe, dakika mbili zaidi kwa moto uleule mdogo.

## Hatua ya 7: Viungo

Ipua sufuria kwanza. Nyunyiza viungo vyote kwa mkupuo huku ukikoroga haraka, nusu dakika inatosha.

Viungo vya unga huungua kwa wepesi, na harufu ya iliki na mdalasini hupotea na mvuke. Aliyevitia kwenye maji ya mwanzo ataipa jikoni harufu nzuri, na karanga zitabaki na utamu mtupu. Pilipili nayo ukiitia kwenye moto mkali itakukohoza wewe na jirani. Sukari iliyotoka motoni bado inanata, inatosha kuvishika.

Karafuu usiizidishe. Robo kijiko tu inafunika kila kitu kingine, na mdomo unabaki na ganzi.

Viungo vya kutwanga mwenyewe vinashinda vya pakiti, hasa iliki. Menya maganda ya kijani, twanga mbegu nyeusi na kijiko kidogo cha sukari ili zisagike vizuri.

## Hatua ya 8: Mwaga, tenganisha

Mwaga kwenye sinia mbili, tandaza haraka safu moja, tenganisha kwa vijiko viwili. Una kama dakika mbili kabla ya sukari kuwa ngumu. Zilizoshikana tatu tatu zipigie kijiko zikiwa za vuguvugu, zitaachana zenyewe.

Usitandaze kwenye gazeti. Wino hushika sukari ya moto.

## Hatua ya 9: Poza, kisha funga

Hatua hii ndiyo iliyoniumiza mwaka mmoja. Nilipika kilo tatu kwa ajili ya kipaimara cha mtoto wa kaka yangu kule Sengerema, na kwa kuwahi kivuko cha Kamanga nikazijaza kwenye makopo zikiwa bado na joto. Tulipofungua, kwenye kila mfuniko kulikuwa na matone ya maji, na karanga zote zilikuwa zimelowa na kushikana. Tulizila kwa kijiko.

Karanga yenye joto inatoa mvuke. Ukiufungia, mvuke unageuka maji, na sukari inayanywa. Kwa hiyo subiri zipoe kabisa, mpaka ukishika sinia kwa chini usihisi joto lolote. Ni kama dakika arobaini.

Lakini usizisahau mezani usiku kucha. Desemba ni mvua za vuli, na sisi tunaoishi karibu na ziwa hewa yetu ina unyevu mwingi. Sukari huvuta unyevu huo hata pasipo mvua. Zikipoa, funga mara moja. Usiziweke kwenye friji, zikitoka zitaota jasho.

Kipimo cha mwisho: tafuna moja. Isikike "ka!" na isibaki kwenye meno. Kwenye kopo linalobana zinakaa wiki mbili zikiwa hivyohivyo, ila kwangu hazijawahi kufika.

## Zikiharibika

Uliziipua zikiwa mchanga mtupu: zirudishe kwenye sufuria, moto mdogo, uendelee na hatua ya sita. Hata kesho yake inawezekana.

Zimelowa baada ya kukaa: zitandaze kwenye sufuria pana kavu, juu ya makaa yaliyofunikwa majivu, geuza polepole dakika nane hadi kumi. Mwenye oveni aweke nyuzi 150 kwa dakika hizohizo. Zitatoka laini, usiogope, zitakauka zikipoa.

Zimeungua: tupa. Inauma, najua bei ya karanga na sukari mwezi huu. Lakini punje kumi zenye uchungu zinaharibu bakuli zima.

## Ukitaka korosho

Korosho zatoka mbali, Mtwara na Lindi, na bei yake inaonyesha. Mimi huchanganya kikombe kimoja cha korosho na vikombe viwili vya karanga. Korosho usizikaange nusu kama karanga, zitie mbichi hatua ya nne, na ukoroge kwa upole kwa sababu hupasuka. Zinaiva haraka, na mara nyingi ndizo zitakazokuonyesha wakati wa kuipua.

## Siku ya wageni

Nusu kilo inawatosha watu wanane hadi kumi wakiwa na vitafunwa vingine, sambusa na vipande vya mihogo, kwa mfano. Kama mezani hakuna kingine, ni watu watano.

Waulize wageni kama kuna ambaye karanga humdhuru. Mzio wa karanga ni hatari, na punje moja yaweza kutosha. Watoto wa chini ya miaka mitano usiwape nzima, zinawapalia. Wasagie kwenye kinu, wanyunyizie juu ya uji au ndizi mbivu.

Usiweke zote mezani kwa mara moja. Jaza kibakuli kidogo, kopo lifunge, na kila kibakuli kinapoisha jaza kingine, hasa mkiwa mmekaa barazani jioni na upepo wa ziwa umeanza kuingia.